Zamu Mpya Ubaoni: Mabadiliko ya Masharti ya Kazi bila Majadiliano na Afya ya Mfanyakazi

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria na viongozi wa vyama vya wafanyakazi: mwajiri anapobadilisha saa za kazi, zamu, likizo au malipo bila kukaa mezani na wafanyakazi wake. Tutaangalia kinga ambayo sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi, mahali kinga hiyo inapokatikia, na sababu ya jambo hili kuwa na nafasi katika jarida la afya. Mifano yetu tutaichukua katikati ya jiji la Dar es Salaam, Posta na Kariakoo, maeneo mawili yanayotenganishwa na viwanja vya Mnazi Mmoja tu, lakini yaliyo mbalimbali sana kwa habari ya mikataba ya ajira.

Tuanze na kliniki ya shinikizo la damu. Mgonjwa ambaye presha yake ilikuwa imetulia kwa muda mrefu anarudi ikiwa imepanda. Ataulizwa kuhusu chumvi, dawa, pombe, na pengine kuhusu amani ya nyumbani. Swali la kazi huwa moja, “Unafanya kazi gani?”, na jibu lake huandikwa kwenye faili siku ya kwanza, basi. Swali ambalo lingefaa kuulizwa kila mara ni jingine: “Ratiba yako ya kazi imebadilika lini, na ni nani aliyeibadilisha?” Nusu ya kwanza ya swali hilo ni ya fiziolojia. Nusu ya pili huonekana kuwa ya siasa, ila ushahidi wa kitabibu unaonyesha kwamba nayo ni ya fiziolojia vilevile.

Mwili na ratiba

Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayoongozwa na mwanga wa mchana na giza la usiku. Kwa mtu mwenye afya, shinikizo la damu hushuka anapolala usiku. Homoni ya kotisoli hupanda alfajiri kumwandaa kuamka. Na uwezo wa insulini kuishughulikia sukari hupungua usiku, hivyo sahani ileile ya wali iliyoliwa saa nane usiku huipandisha sukari ya damu kuliko ikiliwa saa saba mchana. Mtu akihamishwa kutoka zamu ya mchana kwenda ya usiku, saa hiyo haihami siku hiyohiyo. Husogea polepole, kwa kadiri ya saa moja hivi kwa siku, na kwa wengi haihami kabisa kwa sababu siku ya mapumziko wanarudi kuishi mchana pamoja na familia zao.

Hapa Dar es Salaam kuna la ziada ambalo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi havilitaji. Mlinzi anayetoka kazini Mtaa wa Samora saa kumi na mbili asubuhi anafika Mbagala au Gongo la Mboto jua likiwa limeshapanda, na analala katika chumba kimoja chenye paa la bati, watoto wakicheza nje na spika ya jirani ikiwa imewashwa. Usingizi wa mchana wa saa nne katika joto hilo haulingani na usingizi wa usiku wa saa saba, hata kama kwenye karatasi amepumzika saa 12.

Madhara ya muda mrefu yamechunguzwa vya kutosha. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo yamkini yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likaithibitisha tena kazi ya zamu ya usiku katika kundi hilohilo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40, kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya damu ya moyo. Msomaji aikumbuke namba hiyo ya 55, tutairudia.

Ushahidi wa nusu ya pili ya swali letu ulitoka mahali pasipotarajiwa, yaani katika ofisi za serikali jijini London. Utafiti mkubwa uitwao Whitehall II, ulioongozwa na Profesa Michael Marmot, uliwafuatilia watumishi wa umma kwa miaka mingi. Watu hao hawakubeba magunia wala hawakuvuta moshi wa kiwanda. Walikaa kwenye viti. Hata hivyo, waliokuwa na uwezo mdogo wa kuamua namna na wakati wa kufanya kazi yao waliugua moyo zaidi kuliko wenzao waliokuwa na uwezo huo, hata baada ya sigara na mambo mengine ya kawaida kuhesabiwa. Kutokuwa na sauti kazini ni hatari kwa moyo, kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hatari kama tunavyolitumia kwa lehemu.

Sheria inasema nini

Sheria kuu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kinga dhidi ya mabadiliko ya upande mmoja haikukusanywa mahali pamoja humo. Imetawanyika, na ndiyo maana wafanyakazi wengi hawaioni. Kwa hesabu ya vifungu kama vilivyotungwa mwaka huo, kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, zikiwamo saa za kazi, mahali pa kazi na malipo. Na mojawapo ya mambo hayo likibadilika, mwajiri ayarekebishe maelezo hayo kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Tangazo lililobandikwa ubaoni Ijumaa jioni kwamba Jumatatu zamu ni mpya halijatimiza sharti hilo, kwa sababu neno kushauriana lina maana yake.

Hiyo ni kinga ya mtu mmoja mmoja, nayo ni dhaifu. Mfanyakazi akiitwa peke yake ofisini na kuulizwa “unakubali au hukubali?”, ameshauriwa kwa jina tu. Kinga yenye nguvu inatoka kwenye chama. Kifungu cha 67 kinasema kwamba chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, kikiwa na wanachama wengi zaidi ya nusu katika kundi husika la wafanyakazi, kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Kikishatambuliwa, kifungu cha 68 kinazifunga pande zote mbili kujadiliana kwa nia njema. Kinachozaliwa na majadiliano hayo ni kile ambacho wafanyakazi wetu hukiita mkataba wa hali bora, na kwa kifungu cha 71 mkataba huo unamfunga mwajiri, unawafunga wanachama, na unawahusu hata wafanyakazi wa kundi hilo wasio wanachama. Ratiba ya zamu ikiwa ndani ya mkataba wa hali bora, meneja hawezi kuifuta kwa waraka.

Katika suala la saa, sheria imeweka milango ambayo haifunguki bila sahihi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kazi ya ziada haifanyiki ila kwa makubaliano, na haizidi saa 50 katika kila wiki nne. Mwajiri anayetaka siku ya kazi ya hadi saa 12 bila kulipa ziada anahitaji makubaliano ya maandishi, na siku hizo zisizidi tano kwa wiki. Anayetaka kusawazisha saa, yaani kufanyisha watu kazi nyingi msimu wa wateja na kidogo msimu mwingine kisha kuchukua wastani, anahitaji mkataba wa pamoja na chama. Mfanyakazi mmoja mmoja hawezi kumpa ruhusa hiyo. Naona kifungu hicho ni cha busara kubwa, maana kusawazisha saa kunaonekana rahisi kwenye jedwali la mhasibu, ilhali kiharusi hakingoji wastani wa mwaka.

Nchi nyingine zimelitamka jambo hili waziwazi zaidi. Nchini Marekani, katika kesi ya Katz ya mwaka 1962, mwajiri alibadilisha utaratibu wa likizo ya ugonjwa na nyongeza za mishahara wakati majadiliano na chama yakiendelea. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kitendo chenyewe ni sawa na kukataa kujadiliana, hata kama haikuthibitishwa kuwa mwajiri alikuwa na nia mbaya. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 1995, imekipa chama haki ya kudai mabadiliko yasitekelezwe, au hali ya awali irejeshwe, kwa hadi siku 30 wakati mgogoro ukisuluhishwa. Ukiitazama kwa jicho la daktari, muda huo ni muda wa mwili kujiandaa, wa kubadilisha saa za dawa, wa mama kutafuta atakayekaa na mtoto usiku.

Kwetu, chama au mfanyakazi anayeona masharti yamebadilishwa kinyume cha mkataba hupeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi muda wa kufungua shauri ni siku 60 tangu mgogoro kutokea. Wa kuachishwa kazi ni siku 30. Muda huu ndio unaowaponza wengi. Wanavumilia zamu mpya kwa miezi mitano wakitumaini itabadilishwa, kisha wanakwenda Tume na kutakiwa kwanza waombe kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa.

Hesabu ya mlinzi

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kampuni ya ulinzi ina walinzi katika jengo refu la ofisi Posta. Wanafanya zamu tatu za saa 8, zikiwa na saa moja ya mapumziko, siku sita kwa wiki: saa 7 mara 6, jumla 42. Kampuni inapunguza gharama na kuweka zamu mbili za saa 12, siku zilezile sita. Tukitoa saa ya mapumziko, ni saa 11 mara 6, jumla 66 kwa wiki. Zimezidi 45 kwa saa 21, na kwa wiki nne ziada ni saa 84, ilhali kikomo ni 50. Ratiba hii haiwezi kuhalalishwa na mlinzi kwa kutia sahihi, wala na chama kwa kujadiliana; imeuvuka mpaka wa sheria yenyewe. Tena mlinzi aliye peke yake langoni hana wa kumpokea aende kula, kwa hiyo saa yake ya mapumziko ni ya kwenye karatasi, na hesabu ya kweli ni saa 72.

Sheria inataka pia pumziko la saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi. Zamu ya saa 12 inaacha saa 12 kamili. Toa saa mbili za kwenda nyumbani na mbili za kurudi, foleni ikiwa ya kawaida. Toa kula na kuoga. Kinachobaki ndicho usingizi. Namba 55 tuliyoiahidi imeachwa nyuma kwa mbali. Katibu wa tawi anayekwenda kwenye majadiliano akiwa na hesabu hii kwenye karatasi moja ana silaha kubwa kuliko hotuba, na waajiri wengi, kwa kusema haki, hawajawahi kuifanya.

Bandari, jirani wa Posta

Mtaa wa Posta unapakana na bandari, na bandari ndiyo shule ya kwanza ya jambo hili nchini. Mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli hadi miji ya bara. Kutokana na mgomo huo walipata chama chao. Februari 1950 chama hicho kilipambana na waajiri juu ya utaratibu mpya wa kuwaandikisha na kuwaita vibarua kazini. Ghasia zikazuka, na chama kikafutwa. Tunajifunza nini? Kilichowagombanisha mwaka 1950 hakikuwa shilingi peke yake. Ilikuwa ni namna mtu anavyoingia langoni asubuhi, na ni nani aliyeipanga. Wakati huo hakukuwa na chombo cha kusuluhisha kabla ya fimbo na mawe. Leo kipo, na chama kinachotaka kugoma kihalali hupita kwanza kwenye usuluhishi, hupiga kura, na hutoa taarifa ya saa 48.

Wahudumu wa afya hawamo katika mlango huo wa mwisho. Huduma za afya na maabara zake zimetajwa na sheria kuwa huduma muhimu, hivyo mgogoro wao hupelekwa kwenye uamuzi badala ya mgomo. Ni sawa, mgonjwa hawezi kuachwa. Lakini muuguzi ambaye hawezi kugoma ana haki kubwa zaidi ya kusikilizwa kabla ratiba ya wodi haijabadilishwa, na waganga wafawidhi wangefaa kulikumbuka hilo wanapopanga zamu.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja

Yote tuliyoyaeleza yanadhani kwamba chama kipo. Vuka sasa viwanja vya Mnazi Mmoja, ingia Mtaa wa Msimbazi au wa Kongo. Mwaka 2025 Mkoa wa Dar es Salaam ulizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Kiuchumi wazo lina mantiki: wageni wanaotoka Kongo, Zambia na Malawi kufuata bidhaa hawana sababu ya kulala hotelini wakingoja fremu zifunguliwe. Yaliyojadiliwa zaidi ni taa, ulinzi na usafiri. Lakini duka likifunguliwa saa 24 kuna mtu wa kusimama nyuma ya kaunta saa tisa usiku, na mara nyingi ni yuleyule aliyelifungua asubuhi.

Binti anayeuza vitenge katika fremu yenye wafanyakazi watatu hana mkataba wa maandishi, seuze mkataba wa hali bora. Hamali analipwa kwa mzigo, winga kwa alichouza, na dei waka kwa siku. Kwa baadhi yao hata swali la nani ni mwajiri lina ubishi. Sheria ya saa na ya usiku inamlinda muuza vitenge sawasawa na karani wa benki: kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Anachokosa ni mtu wa kulisema hilo kwa niaba yake pasipo yeye kupoteza kibarua.

Ajabu ni kwamba matajiri wa Kariakoo wenyewe wanalielewa somo hili kuliko mtu yeyote. Mei 2023 walifunga maduka wakilalamikia, pamoja na mengine, utaratibu wa kusajili stoo na namna kodi ilivyokuwa ikikusanywa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao palepale Mnazi Mmoja na kuwasikiliza. Hoja yao ilikuwa kwamba hawakushirikishwa. Ni hoja hiyohiyo ambayo muuzaji wao angeitoa kuhusu zamu ya usiku, kama angekuwa na uwanja wa kuitolea.

Uwanja huo unaweza kujengwa. Watatu wa fremu moja hawawezi kuanzisha chama, kwani sheria inataka watu wasiopungua 20, lakini hawahitaji kuanzisha: TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kipo tayari, na sheria inaruhusu mwakilishi wa chama hata pale wanachama wanapokuwa chini ya 10. Vilevile hakuna kinachokizuia chama kujadiliana na umoja wa waajiri badala ya duka mojamoja. Makubaliano mafupi ya Kariakoo nzima, yakitaja zamu tatu, nyongeza ya usiku na notisi ya mwezi mmoja kabla ya kubadilisha ratiba, yangefanya kazi kubwa kuliko kliniki yetu.

Kalamu ya daktari

Kuna sehemu moja ya sheria hii ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa daktari. Mama mjamzito haruhusiwi kufanya kazi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, na hata kabla ya hapo akiwa na cheti cha daktari kwamba hafai kwa kazi hiyo. Kinga hiyo huendelea baada ya kujifungua. Zaidi ya hayo, mfanyakazi yeyote aliyethibitishwa kitabibu kuwa hafai kwa kazi ya usiku hatakiwi kupangiwa kazi hiyo, na mwajiri anapaswa kumhamishia zamu nyingine isipokuwa kama haiwezekani kabisa. Mtu mwenye kifafa ambaye kukosa usingizi kunamletea degedege, anayetumia insulini na kushukiwa sukari usiku, mwenye selimundu anayepata maumivu kila baada ya zamu za usiku mfululizo, hao wote wanaweza kustahili cheti hicho.

Cheti chenye maneno “apewe kazi nyepesi” hakimsaidii mtu, kwa sababu hakuna mahali sheria inapozungumzia kazi nyepesi kwa maana hiyo, na ofisa utumishi atakifasiri apendavyo. Andika kwamba umemchunguza, kwamba hafai kitabibu kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kuanzia tarehe fulani, na tarehe ya kumwona tena. Jina la ugonjwa si lazima liwemo. Hilo ni siri ya mgonjwa. Mpe nakala mbili, moja ya mwajiri na moja abaki nayo ikiwa imesainiwa na aliyeipokea, na mkumbushe kwamba siku 60 huanza kuhesabiwa tangu mgogoro ulipotokea. Kwenye faili lake, chini ya mstari wa kazi, andika tarehe ambayo zamu ilibadilishwa.